Mkoba Begani

Restuta aliinamisha ndoo mlangoni, akachungulia ndani, akaigonga kitako kwa kiganja. Kisha akamgeukia mama yake na kupitisha mkono begani, kama mtu anayetundika mkoba.

Edina, ambaye alikuwa hata hajakung'uta vumbi la safari kutoka chuoni Chimwaga, aliruka kwa furaha. Ishara hiyo ilikuwa jina lake. Mdogo wake huyo, asiyesikia tangu homa ya utotoni, alimpa jina hilo siku dada yake alipoondoka na mkoba wa kijani kwenda chuo kikuu.

"Mama, kumbe bado ananiita!"

Mama yao, Anna, alikuwa akichambua mlenda. Hakuinua uso. "Hakuiti, mwanangu. Anasema maji yameisha."

Edina alicheka kidogo, akingoja na mama yake acheke. Mama hakucheka.

"Kuku akichukuliwa na mwewe, anafanya hivyo. Zabibu zikishavunwa, hivyo hivyo. Babu yenu tulipomzika, nawe uko kwenye mitihani, alisimama kando ya kaburi akafanya hivyo. Watu wakalia, wakasema mtoto anamwita dada yake." Akatupa bua pembeni. "Mimi nilijua anasema nini."

Mjomba Eliakimu alikuwa akipita na mbuzi wake, akapaza salamu kutoka njiani. "Mbukwa, mwalimu wa shahada mbili! Njoo unifundishie na huyu beberu, naye hasikii!"

"Mbukwa, mjomba. Shikamoo," Edina alijibu.

Alikwenda kusomea elimu maalumu kwa ajili ya Restuta, wala hakumficha mtu jambo hilo. Masomo yenyewe yaliunganisha shahada ya kwanza na ya uzamili kwa mkupuo mmoja. Anayekatisha njiani hatoki na cheti chochote. Alipoanza, Restuta alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na shule ya bweni ya viziwi ilisema nafasi hakuna, mngoje. Sasa shule ile ile inasema mtoto amepita umri. Na huko darasani Edina alijifunza, akaandika vizuri hata akasifiwa, kwamba lugha ina msimu wake kichwani mwa mtoto, kama mvua za kwao Hombolo. Zikishapita, utalima vumbi. Aliyaandika hayo akimfikiria mtoto yeyote. Hakuwa amemfikiria huyu.

Jioni alimketisha mdogo wake mkekani, akamwonyesha maji kwenye kikombe, kisha alama ya maji kama ilivyofundishwa chuoni. Akarudia. Restuta aliiga vizuri, kwa adabu, kama mgeni anayeonja chakula asichokipenda. Akanywa. Kikombe kilipobaki kitupu, mkono wake ukaenda begani.

"Usimchoshe," mama alisema. "Tunaelewana."

"Mnaelewana nyie wawili tu, mama. Siku wewe..." Hakumalizia.

"Siku mimi nikiondoka?" Mama alipitisha mkono begani mwake mwenyewe, taratibu. "Neno lake analo."

Restuta aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu, maana kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alikuwa amezungumza lugha yake.

Asubuhi Edina alitakiwa kurudi chuoni. Alikuja na maneno ya kuaga aliyoyapanga tangu Chimwaga: bado kidogo, namalizia, nikirudi tutaanza. Akayapima kinywani, akayameza. Akibaki, atabaki mikono mitupu, mwalimu wa jina asiye na kibali cha kumfundisha hata mtoto wa jirani. Akienda, atarudi na shahada zake mbili kwa msichana aliyekwisha kukomaa.

Aliuinua mkoba. Mkanda ulipofika nusu ya njia kwenda begani, aliona macho ya Restuta yanaufuata mkono wake. Akaushusha. Akauweka kichwani kama ndoo, akatoka hivyo, na majirani wakamcheka: msomi mzima, mkoba kichwani!

Alikaza shingo mpaka barabarani. Alipogeuka, Restuta alikuwa bado amesimama mlangoni, mdogo kwa umbali, mkono umetulia begani.

Edina alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa. Kisha akaendelea.