Mazishi Yaliyomfuata Mama Pasi

Somo lilifanyika kwenye kantini ya wafanyakazi wa hoteli, vyombo vya mchana vikishaondolewa na meza kufutwa. Wanafunzi walikuwa wafuaji na wapishi wageni, wote wasemaji wa Kichina, na Mwalimu, mama mtu mzima, aliwafundisha Kiingereza. Siku hiyo aliandika ubaoni kitenzi "miss".

"Basi likikupita, ndicho hiki," alisema. "Ukirusha jiwe ukakosa shabaha, hiki hiki. Na ukiwa na hamu na mtu mpaka chakula hakipiti kooni, ni hiki pia."

Darasa liliguna. Katika lugha yao kila jambo lilikuwa na neno lake.

"Kitenzi kimoja, kazi za ukoo mzima!" alisema mpishi wa supu.

Mama Pasi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hapakuwa na shuka lililomshinda kunyoosha, hakuguna.

"Mwalimu, basi la asubuhi lilinipita. Nikitumia neno hili, basi litajuaje kwamba sina hamu nalo?"

"Halitajua," Mwalimu alikiri. Mama Pasi akaitamka sentensi ya basi hivyo hivyo.

Kesho yake basi lilikuwa limeegeshwa mlangoni pa chumba cha kufulia. Dereva alieleza kwamba lilikataa kuendelea na safari bila abiria wake huyo. Mama Pasi alilipapasa ubavuni, akalishukuru, nalo likaondoka. Askari wa lango alilalamikia moshi tu.

Katika somo lililofuata, Mama Pasi alitunga sentensi ya kitenzi kile kuhusu mazishi ya baba yake yaliyompita. Mzee alipofariki, Mama Pasi aliomba ruhusa, na msimamizi wa hoteli akamjibu kwamba mashuka hayana likizo. Hakuwahi kumsimulia mtu. Sasa aliisema sentensi nzima bila kusita, kila sauti mahali pake. Mwalimu alikuwa amekisikia kitenzi hicho tangu utotoni, lakini alikuwa hajawahi kumsikia mtu akitumia maana zake zote kwa pumzi moja.

Mazishi yalifika kabla kipindi hakijaisha. Yaliingia kwa lango la magari ya mizigo: jeneza, kaka zake, shangazi, majirani wenye udongo viatuni. Yakasimama uani, katikati ya kamba za kuanikia. Nyuma ya jeneza, nafasi ya mtoto wa kwanza ilikuwa wazi.

"Tumekungoja, dada," alisema kaka mdogo. "Yamekataa kwisha."

Mama Pasi alivua aproni, akanawa mikono, akaenda kusimama mahali pake. Aliweka kiganja juu ya jeneza, akazungumza na baba yake polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Wenzake waliinua mashuka yasiguse vichwa vya waombolezaji. Mwalimu naye alishika pembe ya shuka moja, machozi yakimtoka, akimwonea fahari mwanafunzi wake kama aliyemzaa mwenyewe.

Msimamizi alitoka ofisini, akatazama saa.

"Mapumziko yanakwisha," alisema. "Na hao wageni wasichafue nguo."

Shangazi alimfuta Mama Pasi uso. Kisha wakalibeba jeneza kwenda kulizika, naye Mama Pasi akarudi kwenye pasi yake, mabega yamemshuka kama aliyetua mzigo.

Wiki hiyo mpishi wa supu aliomba ruhusa. Mama yake alikuwa hoi kitandani. Msimamizi alijibu kwamba hoteli imejaa, na wageni hawashibi ruhusa. Mpishi alikwenda kantini, akavuta kiti mbele ya Mwalimu.

"Mama, nifundishe kukitamka kile kitenzi sawasawa," alisema. "Mama yangu bado yu hai, lakini ulimi wangu mzito. Bora nianze mapema."

Mwalimu akachukua chaki.