Tarishi wa Kidole Gumba

Ndoto yangu haikusubiri usiku. Jana asubuhi, nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu katika korido ya hospitali, mke wangu Aikande akifuma kofia pembeni yangu, usingizi ulinipitia nikaota.

Kwanza mjue nilikuwa nasubiri nini. Miaka kumi na moja niliongoza wageni kupanda Kilimanjaro na sikuanguka hata mara moja. Nikaja kuanguka kutoka juu ya banda la mbuzi nyumbani kwangu, kimo ambacho mbuzi mwenyewe angeruka. Uti wa mgongo ukaumia, na huu mwezi wa kumi na nne miguu yangu ipo ipo tu. Hapo hospitali wanajaribu tiba mpya. Unavuta hewa yenye oksijeni kidogo, kama ya kileleni, kwa dakika moja, kisha hewa ya kawaida dakika moja, mara kumi na tano, halafu unafanya mazoezi. Wanasema mwili ukipungukiwa hewa kidogo, neva zilizobaki zinazinduka. Jana ilikuwa siku ya kumi, ya mwisho. Kidole gumba kisipotikisika, nafasi yangu anapewa mwingine.

Na nilikuwa na siri iliyoninyima raha. Siku tisa zote nilikuwa nalegeza barakoa ya kuvutia hewa ile. Kibanio cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni, kikisoma asilimia themanini na tano tu, na Nasikiwa, mtaalamu wetu wa viungo, akiinama kuandika, mkono wangu unapanda wenyewe na kuinua ukingo, hewa ya kawaida iingie. Mlimani nilifundishwa hivyo: namba ikishuka, mgeni anashushwa, hakuna mjadala. Nimeshusha wengi wakinitukana kwa lugha nisizozijua, na wote walifika chini wazima. Mkono haujui kwamba siku hizi mgeni ni mimi.

Basi katika ndoto mlango unafunguka, na ndani si chumba cha tiba, ni lango la mlima. Mizani ya kupimia mizigo ya wapagazi inaning'inia pale, inanitazama.

"Miguu hiyo ni yako au unambebea mtu?" inauliza.

"Ni yangu."

"Inatembea?"

"Kwa sasa haitembei."

"Basi ni mzigo. Ilete."

Inapimwa. Kilo kumi na tisa na nusu. Mizani inasema nina bahati, ingezidi ishirini ningeuacha mmoja getini. Naishukuru.

Barakoa inajifunga yenyewe usoni. Kiti changu sasa kiko karibu na kilele, jua kali, baridi kali. Mashine ya hewa imekaa juu ya jiwe, imevaa kofia ya sufu.

"Awamu ya kwanza," inasema. "Karibu."

Kibanio kinaanza kusoma namba kwa sauti yangu mwenyewe, ile niliyokuwa naitumia kazini. "Tisini na moja. Themanini na nane. Themanini na tano. Mgeni anashuka, hakuna mjadala."

Mkono unapanda kwenye barakoa.

"Ukiigusa tu, narudi kulala," mtu anasema.

Naangalia mgongoni kwangu, na kuweza kuuona mgongo wangu mwenyewe hakunishangazi hata kidogo. Mgongo umekuwa njia ya mlimani inayoshuka kutoka shingoni, na pale kiunoni imekatwa na maporomoko. Kando ya maporomoko ameketi mwanamume mwenye bahasha, buti moja limefungwa, la pili bado.

"Wewe ni nani?"

"Tarishi wako. Nina barua ya kidole gumba cha kushoto. Imeandikwa Tikisika. Huu mwezi wa kumi na nne ninayo mkononi."

"Kwa nini huipeleki?"

"Njia imeporomoka. Iko ya panya, pembeni, lakini hewa ikiwa tele nani ataitafuta? Tunalala. Hewa ikipungua ndipo tunaamka, tunafunga viatu, tunaambiana leo tunapita. Mara wewe unalegeza barakoa. Tunavua viatu. Siku tisa, kaka! Vidole vimeota sugu kwa kufunga kamba."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Niliogopa ile namba," nikamwambia.

"Nani hakuogopa? Mimi naishi humu ndani."

"Themanini na tatu!" kinapiga kelele kibanio. "Mshushe mgeni! Unataka kuua mtu?"

Nauchukua mkono wa kulia, naukalia. Wa kushoto nao naukalia.

Awamu zinapita. Dakika ya hewa ya kawaida inakuja tamu kama uji wa asubuhi, na kabla sijaimeza vizuri mashine inaniambia pole na kuiondoa. Moyo unagonga. Awamu ya kumi kibanio kinaacha amri, kinaanza kubembeleza.

"Kaka, tumewahi kupoteza mgeni?"

"Hatujawahi."

"Basi tushuke."

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mlimani. Kule woga ulikuwa na pa kwenda, chini. Sasa huko chini ndiko kwenye kiti, na nimechoka nako. Naendelea kujikalia.

Awamu ya kumi na tano tarishi anasimama. Buti zote mbili zimefungwa. Anapotelea kwenye njia ya panya, na namsikia akiguna chini ya kiuno, mahali ambapo tangu nianguke sijasikia kitu.

"Vipi huko?" napaza sauti.

"Njia mbovu! Changarawe tupu, zinaingia mpaka ndani ya buti!"

"Kung'uta basi!"

"Sina muda! Nitakung'uta nikifika!"

Hatua zake zinazidi kushuka, kuelekea kidoleni.

"Baba Kanaeli." Aikande ananigusa bega. Nipo kwenye korido, na Nasikiwa amesimama mlangoni.

"Karibu ndani, Baba Kanaeli. Tuanze."

"Dada, leo nifunge mikono," nikamwambia. "Siku zote hizi nimekuwa nalegeza barakoa. Nifunge, na hata nikikuomba usinifungue."

Nasikiwa akaenda kutafuta bandeji. Aikande akashika kiti aanze kunisukuma.

"Subiri mke wangu. Kwanza nivue soksi ya kushoto. Kuna kitu kinanichoma."

Akainama, akavua, akaikung'utia kiganjani. Vikadondoka vipande vitatu vya changarawe nyeusi, ya kule juu mlimani, ambayo huku kwetu chini haipo.

"Sasa hivi umevitoa wap..." Akaketi sakafuni palepale, katikati ya korido, watu wakimzunguka kupita. "Hebu rudia, Baba Kanaeli. Umesema kinakuchoma?"

Nikaunyooshea kidole mguu wa kushoto.

"Virudishe kwenye soksi," nikamwambia. "Vyote vitatu. Vinichome tena."