Uchafu wa Madawati Mawili

Kaka mtu alikuwa anakufa, na alichodai si dawa wala maombi. Alitaka aambiwe kama alikuwa sahihi. Basi.

Aliyebaki kwenye kituo cha kupima anga ni mdogo wake wa kike, pale pale kwenye dawati la sumaku alikokaa kaka zamani, akipokea vipimo vya chombo kinachoelea mbali angani ndani ya upepo wa jua, ile gesi yenye umeme ambayo jua huipuliza bila kupumzika. Kaka alisema upepo ule umebeba sumaku. Mistari ya sumaku inayoelekea huku ikigongana na inayoelekea kule, hukatika, kisha kila kipande huungana na kipande cha mwenzake, na pale pale gesi hurushwa kama jiwe la manati. Kila muungano wa aina hiyo aliuita fundo. Wakamcheka. Wakambandika jina, Fundo. Mkuu wa kituo akamvua nguo mbele ya mkutano mzima: "Fundo, hiyo miruko yako ni kihisi kibovu. Kasafishe data." Alipokataa kusafisha, akasafishwa yeye.

Wengi wameshasahau. Wakubwa hutegemea sana kusahau kwetu.

Utaratibu wa kituo ulikuwa huu: kila dawati lifagie kwake. Kipimo kikiruka ghafla, dawati la sumaku linasema kihisi kimepiga chafya, linafuta, linajaza wastani. Dawati la gesi, ng'ambo ya ukumbi, likiona kasi imeruka, nalo linafuta. Jioni data safi ndiyo inayokutanishwa. Uchafu wa huku na uchafu wa kule haukuwahi kuonana.

Asubuhi ile sumaku iligeuka ghafla kwenye kioo cha kompyuta. Kanuni ilimtaka afute. Kidole kilishafika kwenye kitufe, akakumbuka kaka alivyokuwa akivuta pumzi kwa shida wakati anamwacha nyumbani. Akabeba kompyuta yake, akavuka ukumbi hadi kwa Baba Mapacha wa dawati la gesi.

"Baba Mapacha, umeshafagia?"

"Dada, hata chai haijashuka kooni."

"Usifagie. Nionyeshe uchafu wako."

"Ee! Tangu nizaliwe sijaambiwa neno tamu kama hilo."

Wakaziweka kompyuta mbili bega kwa bega. Sumaku ilipoanza kugeuka, kasi ya gesi ilipanda. Sumaku ilipomaliza kugeuka, kasi ikashuka. Utani ukamwisha Baba Mapacha.

"Vihisi viwili haviugui ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja," akasema. Kisha, taratibu, "Fundo. Masikini, Fundo."

Dada mtu hakungoja zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, kuomba data ghafi za enzi za kaka, za madawati yote mawili.

"Ghafi?" Mkuu alishangaa kweli, wala hakuwa akimkejeli. "Binti, takataka hutunzwa wapi? Nafasi ilikuwa finyu. Tulibakiza safi."

"Zote mlifuta?"

"Zote. Lakini hiki cha leo ni kizuri sana. Kiandike, tutatia majina yetu."

"Na la kaka yangu?"

"Yeye si mfanyakazi wetu."

Akatoka bila kuaga, maana angefungua mdomo angetukana.

Nyumbani kaka alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho dirishani.

"Mchana huu? Wamekutimua na wewe?"

"Bado. Kaka, leo fundo limepita. Sumaku na gesi, vyote pamoja, nimeona kwa macho yangu."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Dada akamfuta mdomo.

"Uliionaje gesi?"

"Nilivuka ukumbi."

"Mimi sikuvuka hata siku moja," akasema. "Niligombana nao tu." Akapumzika kidogo. "Sasa niletee ya kwangu. Yatakuwa mengi."

Mgonjwa hudanganywa, na watu huita huo uungwana. Lakini huyu alishadanganywa vya kutosha.

"Waliyafuta, kaka. Huku na kule."

"Yote?"

"Yote."

Kaka akaomba ageuzwe, atazame ukuta. Akamgeuza, mwepesi hadi anatisha, akakaa nyuma yake amemshika mgongo. Halafu sauti ikatoka ukutani:

"Hilo la leo. Kasi ilipanda vipi?"

Akaanza kumsimulia: ilivyojivuta, ilivyoruka, ilivyokaa juu.

"Unanisikia? Kaka?"

Akaita tena. Akamzungukia, akamtazama usoni, akamfumba macho.

Kazini, muda wa kukutanisha data safi ulikuwa unakaribia. Akachukua simu, na kabla ya kumwambia ndugu yeyote wa ukoo, akampigia Baba Mapacha.

"Usifute," akamwambia. "Hata wakikuamuru. Usifute."