Muombezi wa Kashojwa na Sindano Yake

Katika Kashojwa nzima, na Kashojwa si kijiji kidogo ndani ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, hapakuwa na mtu mwenye sifa ya maombi kama Léopold. Walisema magoti yake yameota sugu ngumu hata nge alipomgonga hapo, aliyekufa ni nge. Walisema akifunga rido, lile pazia la chumba chake, mchana, jogoo wa jirani hushusha sauti. Anayebisha akawaulize wenyewe, ila aende na chakula cha siku mbili, maana hadithi za maombi ya Léopold haziishi upesi.

Ukweli ulikuwa nyuma ya rido. Pale, chini ya kidirisha kisichozidi upana wa sahani, mwanaume wa miaka hamsini na mitatu, baba wa watoto wanne, alikaa juu ya kigoda akidarizi shuka.

Sindano aliipenda akiwa na miaka minane, kule Kivu ya Kusini, kwenye dirisha la masista waliofundisha wasichana kushona. Wasichana ndani, yeye nje, kidevu juu ya jiwe. Wenzake waliiba mapera. Yeye aliiba mishono, kwa macho tu. Baba yake alipomkuta na kitambaa hakumpiga. Alimuuliza tu, "Utaolewa lini?" Bora angempiga. Léopold akakua, akalima, akaoa, akakimbia vita, akalima tena ugenini, na sindano ikafuatana naye njia yote imechomekwa ndani ya ukosi wa shati.

Uongo wa maombi ulizaliwa kwa woga wa dakika moja. Ulikuwa mwaka wao wa kwanza Nakivale. Jirani, Mama Irakiza, alipiga hodi mchana. Sidonie, mkewe Léopold, akamtazama mumewe na ua la waridi lililofika nusu, akaiona aibu ya mtaa mzima ikivua viatu mlangoni, akatoka mbio.

"Baba Patient iko wapi?" aliuliza Mama Irakiza, akimwita Léopold kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Iko mu maombi."

"Maombi ya saa hizi?"

"Anafunga. Siku ya tatu leo."

Mama Irakiza akashusha sauti. "Basi umwambie akumbuke mbuzi yangu. Inapotea tangu juzi."

Mbuzi akarudi jioni peke yake, kama mbuzi walivyokuwa wakirudi tangu enzi za Nuhu. Kesho yake walikuja watu wawili. Wiki iliyofuata, saba. Walileta homa, walileta watoto wasiopiga simu, walileta majina ya ndugu yaliyokwama kwenye foleni ya kuhamishiwa Amerika. Sidonie aliyapokea mlangoni na kuyapeleka nyuma ya rido. Léopold aliitikia "Mm," akavuta uzi. Waliotega sikio ukutani walimsikia akinong'ona, wakatetemeka. Alikuwa anahesabu nyuzi.

Shuka zenyewe ziliuzwa sokoni Rugaaga kama kazi ya Sidonie, mwanamke ambaye kifungo kikikatika hufunga nguo kwa pini, na pini yenyewe huikosea.

"Siku moja utaniletea kesi," alimwambia mumewe. "Batu bananisifu mikono. Miye hata soksi inanishinda!"

"Vumilia, Mama Patient."

"Miaka kumi na mbili navumilia! Kama unapenda hii kazi, toka inje ushone, watacheka juma moja watanyamaza."

"Na hawa banaoleta majina? Nitabaambia nini?"

Hapo Sidonie aligeukia sufuria zake, kwa kuwa majina yalipitia mkononi mwake.

Siku moja gari jeupe likasimama mbele ya nyumba. Alishuka Hajati Zaharah, mwenye duka la vitu vya maharusi kule Nyamityobora, Mbarara: vya nikahi na vya kuhingira, ile sherehe ya kumtoa binti kwao. Alikuwa ameiona shuka moja juu ya kitanda cha bibi harusi, na ndege wa shuka ile, alivyoapa yeye, alimfuata kwa macho mpaka alipotoka chumbani.

"Nyabo," alimwambia Sidonie, akimwita bibi kwa heshima ya kwao, "mimi natafuta mtu nashona hii. Juu ya duka iko chumba, dirisha kubwa, wasichana sita nataka kujifunza. Jina yake nitaandika kwa kibao. Lakini kwanza mimi naona mkono." Akatoa kitambaa na sindano kwenye mkoba. "Shona kidogo tu."

Sidonie aliipokea sindano kama mtu aliyepewa mkia wa nyoka ashike. Majirani walikwisha jaa. Léopold akatoka nyuma ya rido. Chumba chenye dirisha kubwa! Jina kwenye kibao! Maneno yalifika kwenye meno. Kisha akamwona Nyirabizimana amesimama penye uzio.

Huyu alikuwa mjane. Mwaka uliopita mumewe aliugua, na kwa siku tisa mfululizo Nyirabizimana alilileta jina lake mlangoni kwa Léopold. Siku ya tisa mume akafa. Hata hivyo kila Jumapili kanisani Nyirabizimana hakuacha kusema, "Mungu alipenda vingine, lakini Léopold alinibebea mzigo."

Léopold akayameza maneno, akateremsha mengine.

"Macho yake yanaumwa," akasema. "Hawezi kushona leo."

Alidhani amepona. Hakumjua Hajati Zaharah.

"Macho? Hiyo si kitu! Madaktari ya macho iko Ruharo. Ingia gari, nyinyi wote wawili. Mimi nalipa."

Basi ndivyo mwanamke mzima mwenye macho ya tai alivyopelekwa hospitali kutibiwa uongo wa mumewe. Njia nzima Sidonie alimfinya Léopold paja, na Léopold akatazama migomba.

Walipofika Mbarara, Hajati alimwacha Léopold dukani, yeye akaendelea na Sidonie hadi Ruharo. Léopold akapanda ngazi ili tu aone. Chumba kilikuwa kama alivyoambiwa. Dirisha lilianzia kiunoni likaishia darini, na mwanga uliingia kama mwenye nyumba. Juu ya meza kulikuwa na shuka iliyokwisha chorwa, na mwanafunzi mmoja alikuwa amejaribu jani la kwanza. Jani lilionekana limetafunwa na kutemwa. Léopold alijizuia kwa muda wa kutosha kumeza mate. Halafu akafumua, akaketi, akachomoa sindano kwenye ukosi.

Wanawake waliporudi alikuwa kwenye jani la tatu, hasikii kitu.

"Daktari anasema naona kuliko yeye mwenyewe," Sidonie alikuwa akisema ngazini. Akakwama mlangoni.

Hajati alitazama mikono ile muda mrefu. "Kumbe," akasema. "Kumbe ni wewe, mzee."

Léopold akasimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyekutwa jikoni. Hajati akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mjomba yangu alishona kofia miaka arobaini, na alikuwa na mabibi watatu! Nani alikudanganya?" Akajifuta machozi. "Jumatatu unaanza. Lakini kwangu hakuna kujificha. Mlango wazi, jina kwa kibao. Watu ya Nakivale nanunua hapa kila siku, wote watakuona."

Kwa hiyo ilibidi aseme kabla hawajamwona. Jumapili, baada ya nyimbo, Léopold aliinuka kanisani, akaeleza yote: dirisha la masista, rido, shuka, miaka kumi na mbili. Kisha sauti ya Mama Irakiza ikatoka nyuma.

"Na mbuzi yangu?"

"Mbuzi yako ilirudi yenyewe, mama."

Mtu mmoja akacheka, benchi likafuata, na mwishowe mchungaji Déo mwenyewe akaweka Biblia chini ili acheke vizuri. "Maskini Mama Patient," alipiga kelele mwingine, "tulikuwa tunamuomba afundishe binti zetu!" Léopold akasikia mabega yakimshuka. Ilikuwa hii tu? Miaka yote ile alikuwa akikimbia kicheko cha robo saa?

Nyirabizimana hakucheka. Alisimama, na waliokaa karibu naye wakaacha kucheka kwanza, kisha wengine.

"Zile siku tisa," akasema. "Ulikuwa unashona?"

"Ndiyo."

"Unashona nini?"

"Shuka ya bibi harusi wa Rugaaga. Majani ya mgomba na njiwa wawili."

"Siku ya tisa ulikuwa umefika wapi?"

Léopold alikumbuka vizuri mno. "Bawa la njiwa wa pili."

"Na jina lake lilikufikia?"

"Lilinifikia."

"Ukasema nini?"

Angeweza kudanganya. Kwa miaka kumi na mbili ya mazoezi, uongo ungetoka laini kama uzi wa hariri. "Nilisema 'Mm'."

Nyirabizimana alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari aliyoitarajia nusu.

"Mama Patient aliniambia, nenda ulale, Baba Patient iko anakesha juu yake. Nikaenda nikalala," akasema. "Siku zote tisa nililala, kwa kuwa nilijua kuna mutu iko naye mbele ya Mungu. Alikufa karibu na asubuhi, miye nimelala palepale kando ya kitanda. Ningejua, ningekesha naye miye mwenyewe."

Akajifunga kitenge vizuri, akakaa. Sidonie alikuwa ameinamisha uso hadi kwenye magoti. Wimbo ulianzishwa na mtu, ukafa katikati.

Jumatatu alfajiri Léopold alipita kwa Nyirabizimana. Alimkuta anapalilia maharage, akasimama mwisho wa mstari mpaka alipomfikia.

"Unaenda?" mjane akamuuliza bila kunyanyua jembe.

"Naenda. Nilitaka kusema…"

"Ulishasema jana."

"Nikushonee kitu. Chochote."

"Nitakifanyia nini? Nenda, Baba Patient. Gari itakuacha."

Gari halikumwacha. Alikaa mbele ya lile dirisha kubwa, na jina lake likaandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka, na wasichana sita wakamwita mwalimu. Walikuja maharusi kutoka Ntungamo, walikuja kutoka Bushenyi, na wapo waliodai kwamba ua moja la Léopold lilivutia nyuki kutoka mlima wa pili. Kitu kimoja tu kilimkera Hajati Zaharah.

"Njiwa, mzee! Bibi harusi wote nataka njiwa. Njiwa ndiyo nauza!"

"Njiwa hapana."

"Kwa nini?"

"Wasichana wanajua kuwashona. Waambie wao."

Kila Jumamosi hurudi Kashojwa. Siku hizi mlangoni kwao hapabishi hodi mtu mwenye jina la mgonjwa. Sidonie humpa maji ya kunawa, humpa habari za juma: nani amezaa, nani amepanda ndege. Yeye husikiliza mpaka zimekwisha, akifuta vidole kimoja kimoja.

"Aliniulizia?"

"Nani?" Sidonie husema, ingawa anamjua.

Léopold hutazama upande wa lile shamba la maharage.

"Hapana," husema Sidonie, na kumsogezea sahani. "Kula, chakula kinapoa."