Jicho la Mama Mkwe

Roboti yenyewe waliipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu kazi yake duniani ilikuwa moja tu: kuwasukuma watu watoke. Ndivyo ulivyo mchezo huo wa mieleka ya roboti. Mbili zinawekwa juu ya ulingo mweusi wa duara wenye ukingo mweupe, mikono ya binadamu inakaa mbali, na itakayomtoa mwenzake nje ndiyo mshindi. Hakuna pole, hakuna samahani.

Waliijenga wasichana wawili wa kidato cha tatu. Mmoja aliitwa Volti, tangu siku alipopigwa shoti na pasi akainuka anacheka. Mwenzake aliitwa Bi Kodi, maana ndiye aliyeandika maagizo ya kuiongoza roboti, nayo wenyewe huyaita kodi. Siku moja alimwambia bibi yake kwamba amechoka, ameandika kodi kutwa nzima, na bibi akamuuliza hao wapangaji ni wangapi.

Mama Mkwe alikuwa na nguvu za kutosha. Mota zake zilitoka kwenye waipa za lori, magurudumu yamevikwa raba ya ndala, na mbele ana ubapa wa bati ulionolewa mpaka ungeweza kunyoa ndevu. Hata ukingo aliujua, kwa vijicho viwili vilivyokuwa chini ya tumbo lake. Lakini kumwona adui hakuweza. Jicho lake la mbele lilikuwa la bei ya karanga, lilimwona mpinzani akiwa ameshafika. Kwenye majaribio ya shule alitupwa nje na roboti iliyojengwa ndani ya kopo la rangi.

Volti alirudi nyumbani, akaiweka roboti mezani, akalia. Washindi wa mashindano yale walikuwa wanachukuliwa na chuo cha ufundi moja kwa moja, na kwa Volti huo ndio mlango pekee aliowahi kuuona. Baba yake alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi kwa grisi. Mkewe alikufa mtoto akiwa bado hajaota meno ya mbele, na tangu hapo kilio cha binti yule kilikuwa kinamkata maini.

"Nyamaza, mama," akasema. "Jicho nitakutafutia mimi."

Wiki haikuisha akalileta, amelifunga kwenye leso. Lilikuwa jicho la haja: chuma kitupu, zito mkononi, limejaa mafuta, na lilipopewa umeme likawasha kitaa chekundu mgongoni.

"Umelipata wapi, baba?"

"Kwenye vyuma chakavu. Lilikuwa limelala tu."

Uongo unaodumu huwa umechanganywa na ukweli. Jicho lilikuwa limelala, hilo ni kweli.

Bi Kodi alikaa na kompyuta ya shule akabadilisha maagizo. Aliyaweka kwa kifupi: likiona kitu mbele, nenda na nguvu zako zote. Walipomrudisha Mama Mkwe ulingoni, ile roboti ya kopo la rangi haikumaliza hata kujigeuza. Ilitolewa nje ikagonga mguu wa mwalimu wa fizikia, na mwalimu akaruka huku anashangilia. Volti siku hiyo alikula chakula cha watu wawili.

Aliyempakulia alikuwa mama mdogo wake, mdogo wa marehemu mama yake, aliyepanga chumba cha pili katika ua uleule. Ndiye aliyemlea. Alikuwa mwanamke wa kelele na vicheko, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wote: kila kilicho chake alikitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Kikombe, kitana, ndala, mpaka ufagio, nyumbani na hata kazini. "Dunia imejaa wasahaulifu," alikuwa anasema. "Na wote wanasahau upande mmoja, upande wa kuchukua."

Yeye na shemeji yake walifanya kazi kiwanda kimoja, kinachotengeneza mifuniko ya makopo. Mama mdogo alikaa kwenye mashine ya kukata: unaweka bati, chuma kinashuka, kinakata mfuniko, unautoa, unaweka bati jingine. Kila mashine ilikuwa na jicho linalotazama pale chuma kinaposhukia. Likiona mkono, mashine inasimama hapohapo. Jicho likiharibika, kitaa chake chekundu kinazimika, na wanawake wanachukua koleo la kutolea mifuniko. Koleo lilikuwa la polepole na la kuudhi, lakini vidole vilikuwa salama.

Siku zile zote alikuwa likizo fupi, akimuuguza shangazi yake mtaa wa jirani. Siku aliyorudi kazini, saa nne asubuhi, mashine ilimkata vidole vinne vya mkono wa kulia.

Hospitali Volti alimkuta amelala akitazama dari, mkono umefungwa ukawa mnene kama mto wa mtoto. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka. Alikuwa na sentensi moja tu, na aliirudia kwa kila aliyeingia: "Taa ilikuwa inawaka. Niliiona kwa macho yangu, ndiyo maana nikaweka koleo chini."

Msimamizi wa kiwanda naye alikuja, na matunda kwenye mfuko. Akasikitika kwa adabu zote. Kisha akasema kwamba jicho la mashine lilipimwa na ni zima, kwa hiyo mama asipaniki, lakini kikao cha Jumatatu itabidi kiandike uzembe. Na mzembe, kwa sheria za pale, anaondoka kama alivyokuja, isipokuwa huyu angeondoka na vidole pungufu.

"Ni zima?" mama mdogo akauliza.

"Jipya kabisa. Nenda kaangalie."

Kweli lilikuwa jipya. Lilifungwa siku ileile jioni, damu ikiwa imeshaoshwa.

Baba yake Volti alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi. Hakuingia ndani.

Usiku wa kuamkia mashindano Volti alikaa mezani kumsafisha Mama Mkwe. Alilifungua jicho ili alifute mafuta yaliyoganda upande wa chini, upande ambao hakuwahi kuuangalia. Kitambaa kilipopita, likatokea tone jekundu. Akadhani ni kutu. Akalikwangua kwa ukucha, akaijua ile rangi.

Baba yake alikuwa anakunywa maji. Alipoona binti yake ameshika nini, akaiweka bilauri chini polepole.

"Baba. Hili la nani?"

Akakaa. Akayasema yote akiwa anaitazama meza. Jicho la mashine ile lilikuwa linasumbua, linasimamisha kazi kila mvuke ukipita, na msimamizi akamwamuru aunge nyaya ili lisisimamishe tena, mpaka jipya lije mwezi ujao. Yeye akaunga. Likabaki pale linatazama tu, halina kauli. Akaona, kuliko lilale bure, heri limsaidie mwanawe. Ila shimo lilibaki wazi, na mkaguzi alikuwa anatarajiwa. Kwa hiyo akapachika kitaa kidogo chekundu mahali pake.

"Wenzake niliwaambia," akasema. "Niliwaambia wote watumie koleo, taa hiyo ya mkaguzi. Yeye alikuwa likizo. Aliporudi nilikuwa juu kwenye boila. Nikasema nikishuka nitamwambia. Nilikuwa nashuka, mama. Nilikuwa kwenye ngazi."

Volti alitamani ampige. Alitamani pia amkumbatie, na kwa kuwa mambo hayo mawili hayafanyiki pamoja, hakufanya lolote.

"Jumatatu tukawaambie," akasema.

"Tukiwaambia nakwenda ndani. Msimamizi atasema hakuniamuru, na hakuna aliyemsikia. Utabaki na nani?"

Jibu lilikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya ua. Wote wawili walilijua.

"Lifute kwa petroli," baba yake akasema mwishowe. "Alama tu. Ushinde kesho, halafu tutaona."

Volti akalowesha kitambaa. Mkono ukakataa kufuta, lakini mdomo nao ukakataa kusema. Akafanya kile wanachofanya watu wengi wakishindwa kuchagua: alifunika. Alibandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya tone, akalirudisha jicho mahali pake, akajiambia atasema baada ya mashindano. Mficha maradhi naye huwa na ratiba yake.

Ukumbi ulijaa wanafunzi na wazazi. Mama mdogo alikuwa ametoka hospitali siku mbili kabla, na hakuna aliyeweza kumzuia. Alikaa safu ya mbele, mkono kifuani. Mama Mkwe alipomtoa mpinzani wa kwanza alitaka kupiga makofi, akakuta hana cha kupigia. Akawa anapiga paja kwa kiganja cha kushoto. Volti alilisikia kofi lile la upande mmoja katika kila pambano, hata kelele zilipokuwa nyingi.

Fainali ilikuwa na roboti ya shule kubwa, imepakwa rangi ya fedha, na watoto wake wamevaa fulana za aina moja. Volti alipomweka Mama Mkwe ulingoni, kwa mara ya kwanza akaomba ashindwe. Aliomba jicho lizimike. Lakini chuma hakisikii dua ya mtu asiyejua anachokitaka. Kengele ikalia, jicho likaona, mota zikanguruma, ile ya fedha ikaparamiwa kwa nguvu mpaka bati likalia, ikasukumwa hatua kwa hatua na kudondoka sakafuni.

Ukumbi ukalipuka. Bi Kodi akamrukia Volti shingoni huku analia na kucheka. Baba alikuwa mlangoni, kama wodini.

Mama mdogo akaja mpaka kwenye meza yao. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Volti hakukiona tangu ajali, kicheko kidogo kilichoanza kurudi.

"Hebu nimwone huyo mkwe," akasema. "Angalau mmoja katika ukoo huu amewapiga wenye nguvu."

Akamwinua kwa mkono wa kushoto, akamwegemeza kifuani. Ule mgongano ulikuwa umeubandua utepe, unaning'inia kwa ncha. Aliuona kama uchafu, akaung'oa kwa meno, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umefungwa.

Alilitazama tone lile muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu yake.

"Hili," akasema taratibu, "likiona mkono linafanyaje?"

Volti alijua angeweza kudanganya. "Linasukuma, mama mdogo. Kwa nguvu zote."

"Zamani lilikuwa linasimama."

Kwenye kipaza sauti washindi walikuwa wanaitwa. Bi Kodi alimvuta Volti mkono, akamwangalia usoni, akamwachia. Mama mdogo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Volti kuliko kitu chochote, kwa maana mwanamke yule alipiga kelele hata sukari ikiisha. Alimweka Mama Mkwe mezani, jicho likitazama mlangoni. Naye akatazama hukohuko.

"Shemeji," akaita. "Njoo ulitoe. Wewe ndiye unayejua linavyotoka."

Baba akaja. Watu walimpisha wakidhani ni mzazi anayekwenda kupongeza. Bisibisi hakuiomba kwa mtu, alikuwa nayo mfukoni.