Fiche ya Kitabu Kisichofika

Kosa la maman Bibiane lilikuwa moja tu, na wala halikuwa la uvivu. Masera Agathe, mtawa aliyemfundisha kazi ya maktaba kabla ya kurudi kwao Ulaya, alimwambia kwamba kitabu kisicho na fiche, ile kadi yake ya kwenye droo, ni mtoto asiye na jina. Hakumwambia fiche iandikwe lini. Basi siku ile Mushagalusa, préfet aliyeongoza lycée, sekondari ya wasichana, alipompa katalogi ya muuza vitabu wa Kinshasa na kumwambia achague vya kujaza sanduku moja, Bibiane alichagua, akatuma commande ya kuviagiza, na jioni ileile akakaa kuandika fiche za vitabu ambavyo hajaviona hata jalada. Kila kimoja akakipa namba yake na nafasi yake kwenye rafu. Nafasi zilikuwa tupu, lakini alizipangusa vumbi.

Na kuchagua kwenyewe sasa! Katalogi ile ilikuwa na majina matupu, bila maelezo yoyote. Bibiane alisoma jina moja, akainua macho dirishani, akaangalia ziwa, ukungu ukamchukua. Akirudi, kitabu amekwisha kukijua chote. Ndivyo alivyokipata Nyumba Kando ya Maji. Aliona mwanamke, akaona taa, akakitia alama.

Sanduku likakwama. Wengine walisema liko Kisangani, wengine walisema lori limezama kwenye matope upande wa Walikale. Mvua ikaisha, kiangazi kikaja, mvua ikarudi. Zaïre ile, ukiuliza mara mbili unaonekana mgeni.

Ndipo alipokuja Nsimire. Alikuwa mwanafunzi wa bweni, mtoto wa Kalehe, mpole mpaka unasahau kama yuko chumbani. Alitoa fiche ya Nyumba Kando ya Maji kwenye droo, akakiomba kitabu. Bibiane angesema tu kwamba hakijafika, yakaisha. Lakini ulimi hauna mfupa. Mtoto alipouliza kinasema nini, maman alijikuta anasimulia: kuna mwanamke anaishi ng'ambo ya ziwa, kila jioni anawasha taa dirishani, na upande huu kuna binti anayeiona. Nsimire akakaa chini.

Baadaye sana ndipo Bibiane aliposikia kwa wasichana wa bweni kwamba mama ya Nsimire alivuka ziwa kwenda kuolewa kisiwani Idjwi, na mtoto akaachwa Kalehe kwa shangazi yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kila Jumamosi, baada ya kufua, Nsimire alikuja akinuka sabuni, na maman akaendelea pale alipoachia. Binti wa kitabu alitafuta mtumbwi. Mtumbwi ukatoboka. Akatafuta mwingine, nao ukapotea kwenye ukungu. Maman alizungusha makusudi, maana mwisho ulimtia hofu. Akisema mama anarudi, anamdanganya mtoto. Akisema harudi, anamuua. Kwa hiyo alisema mwisho utakuja na sanduku.

Sanduku likaja. Nsimire alikuwa mlangoni hata misumari haijang'olewa. Nyumba Kando ya Maji kilikuwa chini kabisa, kipya, kinanukia gundi. Kilikuwa kitabu cha waashi. Kilifundisha namna ya kuweka msingi penye udongo wa majimaji, na kilijaa michoro ya mifereji na vyoo.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema, ila hii ya Bibiane ilizungukia Kisangani. Nsimire alifunua kurasa polepole, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Maman, hii si kitabu yetu."

Bibiane alishikwa na aibu mpaka shingo ikawaka. Akakiri yote: hakuwahi kukisoma, maneno yalitoka kichwani mwake mwenyewe, amsamehe. Alingoja machozi, lakini mtoto aliuliza jambo moja tu.

"Sasa mwisho iko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi sina."

Nsimire akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta duka limefungwa, akaenda kufunga mizigo yake. Likizo kubwa ilianza juma lile.

Maman alibaki na fiche mkononi. Kazi ilimtaka aichane. Aliandika nyingine kwa ajili ya kitabu cha waashi, akakipeleka kwenye vitabu vya ujenzi, lakini hii ya kwanza ilimshinda. Mwishowe, pale panapoandikwa jina la aliyeazima, akaandika Nsimire, na tarehe ya kurudisha akaiacha wazi. Préfet alipoipitia droo aliuliza kitabu hiki kiko wapi. Akajibiwa kiko nje, akaridhika. Likizo nzima Bibiane aliangalia ziwa na kuwaza ule mtumbwi uliotoboka.

Shule ikafunguliwa na mvua za kwanza. Nsimire aliingia, uso umechomwa na jua la ziwani, akasimama mbele ya meza na kuweka mikono miwili juu yake, mitupu.

"Nimerudisha kitabu, maman."

Bibiane aliitafuta fiche. Akamwomba ampe mwisho, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba dawa.

"Binti alivuka," alisema Nsimire. "Taa haikuwa. Mafuta iko bei, kule banalala mapema. Na mama hakurudi naye, iko na batoto wengine." Akaiondoa mikono mezani. "Lakini mulango, alifungua."

Bibiane alichukua kalamu. Alifuta jina la aliyeazima, akairudisha fiche kwenye droo. Kisha akachukua kitambaa, akaenda kwenye rafu, akaipangusa vumbi ile nafasi tupu.