Hati ya Shamba la Nuu

...na kalamu yenyewe nzito, au ni mkono wangu, Kagure wa mikopo ameniwekea fomu mbili mezani, moja ya shamba letu la Nuu, nyingine ya ploti yetu hapa Makindu, "Mama Ben, ukiweka title ya shamba rehani tunakupa ya kujenga bedsita kumi, ukiweka ya ploti ni rooms tatu tu," anasema kwa upole, kisha anainama kutafuta stepla kwenye droo, na Ben kando yangu anatikisa goti kama babake alivyolitikisa kanisani mahubiri yakirefuka... Mulinge wangu, miaka sita sasa amelala Nuu karibu na boma la mbuzi, na hapa kwa fomu wameandika ekari nane tu, hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu wangu yumo ndani, "Mum, usiwe na wasiwasi, wapangaji ni wengi," Ben ananong'ona, wapangaji, wa kwanza wetu alikuwa Mulwa, fundi wa malori, alihamia chumba kikiwa hakina dirisha akatundika gunia, kodi yake ndiyo iliyonunua mabati ya chumba cha pili, nasi tukasimama ndani yake mvua ya kwanza ikiyapiga, tunapigiana kelele na hatusikizani, tunacheka, nilikuwa na furaha mie, napika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa kwa moto wa vipande vya mbao za seremala, Mulinge analeta maji ya simiti kwa punda wa kuazima, na milango yote akaielekeza Nuu, nyumbani, ati mtu asilale akipa kwao mgongo, barabara ya Mombasa ikabaki nyuma ya nyumba, leo hakuna chumba hata kimoja kinachoweza kugeuzwa duka, watu wametucheka wee, na mimi naipenda hiyo milango, namkumbuka... "Shida Dad aliogopa loan," Ben anasema, "rooms nne miaka kumi na mbili, Mum, kweli?" na mimi naitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu, hata kwa kina mama wa kanisa nimesimama nikatoa ushuhuda, mume wangu hakutaka deni, tulijenga pole pole kwa neema... lakini ngoja... ile Jumamosi, amevaa koti la harusi, hati ya shamba ndani ya bahasha ya kaki, "Nduku, vaa viatu twende benki, miaka miwili tumemaliza kujenga," na ni mimi niliyelia, ni mimi niliyeichukua bahasha akipiga viatu rangi nje nikaizika kwenye gunia la ndengu, akaitafuta siku tatu wala hakuniuliza, akavua koti, akaanza kufyatua matofali kwa mikono yake, mwaka baada ya mwaka, mgongo ukapinda nikiutazama, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Mimi na mikopo, hapana," alijua, Mungu wangu, alijua siku zote, akanisitiri, akanisitiri hata mbele ya mwanawe, na mwana akakua akiamini babake alikuwa mwoga... "Hiyo stepla iko wapi jameni," Kagure anasema ndani ya droo, goti la Ben linaendelea, kalamu bado iko hewani, na shamba la Nuu silitoi, hilo nilijua kabla sijaketi, nitaweka ploti, vyumba vitatu vinatosha, ila nilikuja kukataa kwa mdomo wa Mulinge, baba yako hangekubali, maneno yalikuwa tayari ulimini, na sasa siyawezi, kwa sababu angekubali, angesaini zote mbili huku akipiga mluzi, mwoga ni mimi, niliogopa nikiwa msichana mwenye mtoto mgongoni na bado naogopa, kwa hivyo nitakataa tena, lakini leo nitakataa kwa jina langu, na Ben akitaka kukasirika anikasirikie mimi.